Ndoo tatu na "elfu ishirini" ya marehemu

Namba ilikuwa imeandikwa kwa wino mzito juu ya mkanda mweupe uliobandikwa kwenye kifuniko: 20,000. Chini yake, kwa herufi ndogo, 9mm, saizi ya risasi ya bastola. Aliyeiandika alikuwa askari polisi mstaafu aliyefundisha kulenga shabaha, na alikuwa amefariki miezi mitano kabla. Mjane wake alitaka gereji irudi kuwa ya gari. Alikuwa na ndoo tatu za maganda ya risasi, zile ndoo za plastiki za galoni tano, na bei yake ilikuwa senti nne za dola kwa kila ganda. Kwa hesabu ya mkanda ule, ni dola 800.

Hapo ndipo shemeji aliponipigia simu. Ni mume wa dada yangu, mtu wa Tanga aliyehamia Ohio, na majira ya baridi burudani yake ni kujaza upya risasi anazokwenda kupigia uwanja wa shabaha. Mimi sipigi. Kazi yangu ni kuhesabu vitu vya watu: nilianzia kwenye maghala ya mahindi Songea, sasa niko kwenye ghala la vipuri huku. "Shemeji," akaniambia, "njoo uniambie kama hii elfu ishirini ni elfu ishirini kweli."

Kwa asiyejua kwa nini mtu anunue takataka ya risasi: risasi nzima ina vitu vinne. Kuna kichwa kinachoruka, baruti inayoungua, fataki iliyo kitakoni inayowasha baruti, na ganda linalovishikilia vyote. Ukifyatua, vitatu vinakwisha kazi na ganda linabaki. Ganda hilo ni shaba ya njano, mchanganyiko wa asilimia 70 shaba nyekundu na 30 zinki. Sifa yake ni kwamba hutanuka kwa mlipuko, likaziba moshi usirudi nyuma, kisha likanywea kidogo na kutoka. Likirudishwa umbo na kuwekwa fataki mpya, linatumika tena, mara nyingi tu. Kwetu neno "maganda ya risasi" tunalisikia zaidi kwenye taarifa za polisi, yameokotwa eneo la tukio. Msomaji wa Dodoma au Kisumu asikichukue kisa hiki kama mwaliko. Nazungumzia Ohio, ambako ganda tupu huuzwa hadharani kama chakavu nyingine yoyote.

Nilipofika, shemeji alikuwa ameshapiga hesabu yake. Alipima ndoo kwa mzani wa bafuni: unapanda mikono mitupu, unapanda tena umebeba ndoo, unatoa. Kwa kuwa ndoo tupu ni kama kilo 0.9, alibaki na kilo 26.5 kwenye ndoo ya kwanza, 24.0 ya pili na 28.7 ya tatu. Jumla kilo 79.2. Kisha akachukua maganda mia moja ya 9mm juu ya ndoo ya kwanza na kuyaweka kwenye mzani wa jikoni wa dada: gramu 398. Watu wa kujaza risasi hupenda kusema kwa pauni, na kwao hiyo ni sawa na maganda 114 kwa pauni moja. Gawanya kilo 79.2 kwa gramu 3.98, unapata 19,900.

"Umeona?" akasema. "Marehemu alikuwa mkweli."

Na kweli alikuwa mkweli. Naamini kabisa alifanya hivyo hivyo: akapima uzito, akagawanya, akaandika. Ila hesabu ile inajibu swali ambalo hakuna mnunuzi anayeliuliza. Inasema kungekuwa na maganda mangapi kama kila kilichomo ndooni kingekuwa ganda la 9mm la shaba, kavu, safi. Hata mzani haukuwa tatizo. Mzani wa bafuni ukikosea robo kilo kwa ndoo, umekosea kama maganda sitini, asilimia moja hivi. Uzito wa ganda lenyewe hutofautiana kwa kiwanda, mengi yakiwa kati ya gramu 3.7 na 4.2 fataki iliyokufa ikiwa bado kitakoni, lakini ukichukua mia kwa mchanganyiko, tofauti hizo hujifidia. Wasiwasi wangu ulikuwa kwenye mkono uliochota yale mia moja. Ulichota juu.

Waliokulia kwenye mazao wanalijua bambo: kile chuma chembamba chenye mfereji ambacho mnunuzi huchoma nacho gunia, akavuta punje kutoka tumboni mwake. Hakuna mnunuzi wa Songea aliyefungua mdomo wa gunia, akatazama mahindi ya juu na kulipa. Si lazima mkulima awe mwizi. Gunia lenyewe likisafiri kwenye lori hujipanga upya, vidogo na vumbi huteremka, vikubwa hupanda. Ndoo ya maganda ni vivyo hivyo. Ukiisukuma kwenye sakafu ya gereji miaka kumi, vidogo vinapita kati ya vikubwa na kuzama. Bambo la kuchoma ndoo ya shaba sina, kwa hiyo tukatandika turubai.

Mama mwenye nyumba alituletea viti, naye akaketi kutazama. Nilifurahi. Kazi ya namna hii ikifanywa mbele ya macho ya muuzaji, huhitaji kubishana baadaye.

Tulimwaga ndoo ya kwanza yote, tukaichanganya kwa koleo, tukaikusanya chungu moja, tukaisawazisha na kuikata robo nne kama chapati. Robo mbili zinazotazamana zikabaki, mbili zikarudi ndooni. Tukachanganya tena, tukakata tena. Baada ya mara nne ilibaki sehemu moja ya kumi na sita: kilo 1.66. Hiyo ndiyo tuliyoichambua ganda kwa ganda, sumaku mkononi.

Sumaku ni ya nini? Shaba haishikwi na sumaku, chuma kinashikwa. Risasi za bei nafuu huwa na ganda la chuma, mara nyingine lililopakwa rangi ya shaba hadi jicho likadanganyika. Mengine ni ya alumini, mepesi na ya kijivu, ambayo sumaku inayaacha lakini mkono unayajua. Yote hayo shemeji hayajazi. Kisha kuna ndugu wa 9mm, yaani saizi nyingine za risasi. Ganda la .380 kwa jicho la haraka ni 9mm: kipenyo karibu kile kile, ila ni fupi, milimita 17.3 dhidi ya 19.15. Kuna .40, kuna .45, na kuna vijiganda vya .22, ambavyo baruti ya kuwasha imo ndani ya ukingo wa kitako, kwa hiyo havina hata pa kuweka fataki mpya.

Katika zile kilo 1.66 tulipata maganda 352 ya 9mm ya shaba. Pamoja nayo kulikuwa na 21 ya .380, 14 ya .40, matano ya .45, 17 ya chuma, 11 ya alumini na tisa ya .22, na mchanga wa kijiko. Rudisha mara kumi na sita: ndoo ile ilikuwa na 9mm kama 5,630, siyo 6,650 za hesabu ya uzito. Elfu moja imeyeyuka, na hatujagusa ubovu bado.

Ubovu una ngazi. Ganda lililokanyagwa mdomo kidogo, shemeji anasema chuma cha mashine kitalinyoosha. Lililopasuka linatupwa. Kuna aina moja ambayo sikuwahi kuisikia: maganda yenye ngazi ndani, hasa yale yenye herufi FM kitakoni. Kwa nje ni kama mengine, kwa ndani kuna ukingo unaopunguza nafasi ya baruti, kwa hiyo kiasi kile kile cha baruti huleta shinikizo kubwa zaidi. Shemeji hataki kuyaona. Kati ya 352 alitoa 18 kwa kuumia na tisa kwa ngazi, yakabaki 325. Mara kumi na sita ni 5,200.

Ndoo ya pili ilikwenda haraka, maana ilifanana na ya kwanza: sampuli ya kilo 1.5, maganda 331 ya 9mm, mazuri 309. Hiyo ni 4,944. La kusimulia ni moja tu. Wakati wa kumwaga, kitu kimoja kiligonga turubai kwa sauti nzito kuliko vingine. Ilikuwa risasi hai, kichwa na yote. Shemeji aliitia kwenye kopo na kuisogeza mbali, na baadaye akaipeleka uwanja wa shabaha wanakozipokea. Ndoo ya maganda kamwe haiingizwi kwenye mashine ya kusafishia kabla haijapitiwa kwa macho, na sababu ni hiyo.

Ndoo ya tatu ndiyo iliyotuchukua siku mbili.

Ilinitia shaka kabla ya kumwagwa. Zote zilikuwa zimejaa sawa, vidole viwili chini ya mdomo, lakini ya tatu ilizidi ya kwanza kwa kilo 2.2. Ukitazama juu uliona .45 nyingi, na hilo lilinifanya nishangae zaidi: ganda la .45 ni pana na tupu, ujazo ule ule wa ndoo ukiujaza .45 unakuwa mwepesi kuliko wa 9mm. Iliyopaswa kuwa nyepesi ilikuwa nzito. Tulipoimwaga, jibu likatoka lenyewe na kulowesha turubai. Ndoo haikuwa na kifuniko, na ilikaa kwenye kona ambapo bati la gereji linavuja.

Ganda ni kikombe. La 9mm lina nafasi ya mililita 0.86 hadi ukingoni, maana yake ganda la gramu nne likijaa maji linakuwa karibu gramu tano. Huhitaji yajae. Robo kikombe tu katika kila ganda inaongeza asilimia tano kwenye uzito wa ndoo, na maji ya ndani hayakauki upesi kwa sababu mdomo ni mwembamba na maganda yamelala kila upande. Tulikata robo zetu mpaka kilo 1.79, nikazibeba nyumbani na kuzitandaza mbele ya feni usiku kucha. Asubuhi zilikuwa kilo 1.60. Kwa ndoo nzima hiyo ni kilo tatu za maji na vumbi. Kwa senti nne kwa "ganda", shemeji angelipa dola thelathini kununua mvua.

(Mzani wa jikoni uliishia hapo. Dada aliuona umekaa kando ya maganda, akauliza, akaambiwa, akautupa. Shemeji alilalamika, lakini dada ndiye aliyekuwa sahihi: masizi ya fataki huwa na risasi, ile metali yenyewe ya sumu, na chombo kilichoguswa nayo hakirudi kupimia unga. Hata mikono tuliyoitumia siku ile tulipaswa kuiosha kabla ya kula sambusa za yule mama. Hatukuiosha vizuri.)

Sampuli kavu ilikuwa na 9mm 262, .45 zipatazo 61, .40 ishirini na saba, na vichache vingine. Lakini hizo 262 hazikuonekana mara moja. Ganda la 9mm huingia ndani ya .40, na .40 huingia ndani ya .45, kama sufuria za duka. Tulipohesabu mara ya kwanza tulipata 231. Ilibidi kila .40 na .45 ipinduliwe na kugongwa, na ndani mwao zikatoka 31 zaidi. Mtu anayehesabu kwa picha ya simu, kama wanavyofanya wengi wanaouziana mbali, hizi hatazipata.

Zilizoumia kwenye ndoo hii zilikuwa 40, na nane zenye ngazi. Mazuri, kwa macho yetu, 214. Mara kumi na sita: 3,424.

Jumla basi. 9mm za shaba za kila hali zilikuwa kama 15,100. Zinazofaa kujazwa, 13,568. Nilimwambia shemeji asiishike ile 568 kama aya. Tulihesabu maganda mazuri 848 kwa mkono, na kuchota kwa bahati kuna mtikisiko wake: mzizi wa pili wa 848 ni 29, ukiuzidisha mara mbili ili uwe na uhakika wa kutosha ni 58, na mara kumi na sita ni 930 hivi. Kwa hiyo nilichokuwa tayari kukiapia ni kwamba ziko kati ya 12,600 na 14,500. Kama angetaka kupunguza mtikisiko huo kwa nusu, angelazimika kuchambua sampuli kubwa mara nne, kilo ishirini. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa ahesabu mchele.

Mazungumzo ya bei sikuyapenda yalivyoanza. Shemeji aliogopa kumwambia mjane kwamba mumewe alikosea, na akaanza kuzunguka mbuyu. Mama mwenyewe ndiye aliyekata maneno. Alikuwa ameketi pale siku zote mbili, ameona chungu za chuma na alumini zikikua, ameona maji. Akasema mumewe hakuwahi kumwaga ndoo hata moja, alikuwa akiongeza tu. Wakakubaliana senti nne zile zile, lakini kwa maganda 13,500: dola 540. Shemeji akaongeza dola 40 kwa ajili ya .45 zote, ambazo tulizikadiria kukaribia 1,000 kwenye ndoo ya tatu pekee. Vyuma na alumini vikaachwa kwa mnunuzi wa chakavu.

Mwezi wa tatu shemeji aliniletea hesabu ya mwisho. Alikuwa amemaliza kuyachagua yote, kuyasafisha na kuyakausha, akayapima mia tano mia tano. Ndoo ya kwanza ilitoa 5,240, tulikadiria 5,200. Ya pili 5,010, tulikadiria 4,944. Nilianza kujisikia mtu. Ya tatu ilitoa 2,870.

Jumla, 13,120, ilikuwa ndani ya mipaka niliyompa, na shemeji alikuwa tayari kunipongeza na kuagiza chai. Mimi sikuridhika. Kwa ndoo ya tatu peke yake, mtikisiko wa kuchota ulikuwa 470 hivi, na upungufu ulikuwa 554. Bahati ya mkono haielezi tofauti hiyo vizuri. Jumla ilikuwa imeficha kosa la ndoo moja kwa sababu nyingine mbili zilizidi kidogo.

Kosa lilikuwa kwenye neno "mazuri". Maganda ya ndoo ya tatu tuliyahukumu yakiwa na uchafu na kutu ya kijani. Yalipotoka kwenye mashine ya kusafishia yanang'aa, mengi yalikuwa na mstari mwembamba kama unywele kutoka mdomoni kushuka. Mengine ni uzee tu: shaba inayotanuliwa na kubanwa mara nyingi inakuwa ngumu, na ngumu hupasuka. Lakini kulikuwa na yaliyopasuka bila dalili ya matumizi mengi, na shemeji alikumbuka kwamba kona ile iliyovuja ndiyo iliyowekwa beseni la mchanga la paka.

Jambo hili lina historia. Jeshi la Uingereza kule India, karne ya 19, liliona risasi zake zikipasuka maganda zikiwa zimekaa tu kwenye zizi, na hasa majira ya mvua, hata wakauita mpasuko wa msimu. Mwaka 1921 Moore, Beckinsale na Mallinson walieleza kilichotokea: amonia ya mkojo wa farasi, ikiwa na unyevu, hushambulia shaba ya njano mahali ilipobaki na mkazo tangu ilipofinyangwa. Unyevu tulikuwa nao kilo tatu. Farasi hatukuwa naye, tulikuwa na paka. Siwezi kuapa kuwa ni yeye, lakini tangu hapo shemeji hata dawa ya vioo yenye amonia haiingizi kwenye chumba chake cha kazi.

Hakurudi kudai dola ishirini na mbili za upungufu wa ndoo ya tatu, na nisingemruhusu. Alichobadilisha ni namna ya kuchambua sampuli. Sasa hachukui ganda moja moja kwa macho. Huchota kumi kiganjani, akayatikisa karibu na sikio, kama mama sokoni Tanga anavyogonga chungu kabla ya kutoa hela. Shaba nzima hulia kengele, iliyopasuka hukwaruza. Akisikia mkwaruzo anayamwaga mezani na kumtafuta mwenye sauti hiyo.